Kobe Aliyekataa Pumba

Bado nakumbuka asubuhi moja ya baridi, kule Nambis, Mbulu, baba yangu alipochuchumaa mbele ya kobe wake akimbembeleza ale, kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa. Mjukuu wangu, baba yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Sisi watoto wake tulikula kilichokuwepo, na aliyenuna alilala na njaa. Kwa kobe yule alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulinipigia simu ukasema kobe wako, uliyempata pamoja na kibali chake, hali wala hanywi, nawe umemrundikia chakula mpaka kinaoza. Nilicheka kidogo, unisamehe. Nilimsikia baba yangu katika sauti yako.

Kobe yule alimpata shambani wakati wa kulima. Plau ilimgonga, gamba likapasuka ubavuni. Mwingine angemsukuma pembeni aendelee na kazi. Baba alisimamisha ng'ombe, akavua koti lake, akamfunga nalo, akamleta nyumbani. Kipindi chote cha mvua kobe alijilisha mwenyewe uani, ufa ukakauka, na kila mgeni aliyefika alionyeshwa kobe kabla hata ya kupewa kiti. Kisha ikaja baridi ya mwezi wa saba. Unaijua baridi ya Mbulu, ukungu haukubali kuondoka hata jua likiwa limeshapanda. Kobe akaacha kula.

Baba akafanya alichokijua. Enzi hizo mifugo ililala ndani, nyumba moja nasi, ili ipate joto. Akamweka kobe kwenye kona ya ndama, gizani, akamletea pumba za mahindi zilizochanganywa na magadi. Hicho kwetu kilikuwa chakula cha heshima, ng'ombe walinawiri kwacho. Kobe alifumba macho. Baba akaongeza pumba, na macho ya kobe yakazidi kuzama. Jioni moja nilimsikia akimwambia mama, "Akifa huyu, nitakuwa nimemuua mara mbili." Maneno yale yaliniuma sana.

Tulikuwa na kijana aliyekuja kusaidia kuvuna, jina lake Safari. Alitoka huko chini upande wa Katesh, kwenye joto, ambako watu hukutana na kobe njiani. Alimwona kobe wetu alipoingia ndani kuchukua magunia, nami nikaona jinsi anavyomtazama. Nikajua ana neno. Lakini kijana hamkosoi mzee nyumbani kwake. Safari alisubiri mpaka baba amekula, ameshiba, ameketi zake nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si umeshaniamkia leo?"

"Naomba ruhusa nimwogeshe kobe wako."

Baba alimkazia macho. "Kwenye baridi hii? Unataka kumalizia kazi ya plau?"

"Hapana, mzee. Naomba tu. Akizidiwa, nitajibu mimi."

Heshima si utumwa, mwanangu. Kijana yule alikuwa anajua, na bado aliomba. Baba akakubali kwa kichwa.

Kesho yake ukungu ulipoisha, Safari alimtoa kobe nje akamweka juani, penye ukuta unaozuia upepo. Hakumpa chochote. Mama akauliza mbona hamlishi. Akajibu kwamba kobe hana moto wake mwenyewe tumboni, huazima wa jua, na ukimlisha akiwa wa baridi chakula kitalala tu humo ndani. Akawa anamwekea kiganja mgongoni, na gamba lilipopata joto ndipo akaomba karai. Akatia maji ya uvuguvugu, kina kidogo yasipite kidevu, akamkalisha humo.

Kobe akanyoosha shingo, akazamisha pua, akanywa. Alikunywa, mwanangu! Koo lilipanda na kushuka mpaka nikadhani hataacha. Halafu akayachafua maji yote kwa mkojo mzito, mweupe kama uji, na baba akaruka. "Ameyaharibu!"

"Hiyo ndiyo shukrani yake, mzee," Safari akasema. "Tunayamwaga, tunampa mengine masafi."

Alipoulizwa kuhusu pumba, hakusema kwamba baba amekosea. Alisema tu, "Pumba zako ni nzuri sana, mzee. Ng'ombe wanazipenda." Baba akaelewa. Safari akaleta ukoka, majani machanga ya viazi vitamu, na mpungate uliokwanguliwa miiba. Hakumsukumia mdomoni. Aliviweka chini, akarudi nyuma.

Kobe hakula siku hiyo, wala iliyofuata. Baba alizunguka uani akihema. Safari hakubadili kitu: jua, maji, majani mabichi, kisha kumwachia nafasi. Hatimaye kobe akafungua mdomo, akakata jani, akatafuna polepole, akakata tena. Baba aligeukia ukuta. Mabega yalimtikisika. Sikuwahi kumwona analia kabla ya siku ile.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

Nami nakwambia bila aibu, nilimpenda Safari pale pale, nikiwa na ungo wa maharage mkononi. Wasichana wenzangu walipenda wavulana wenye redio. Wazee wake walipokuja kuleta posa, mjomba wangu alinung'unika kwamba kijana hana hata shamba. Baba akamkatiza. "Aliyeweza kumsubiri kobe mpaka ale mwenyewe, ataweza kuishi na huyu binti yangu." Wote wakacheka, maana ukali wangu ulijulikana mpaka Dongobesh. Huyo ndiye babu yako.

Basi sikia. Kobe wako mwache aote jua kwanza, ndipo umkalishe kwenye maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa wiki, na wakati wa kiangazi uzidishe. Maji safi ya kunywa yasikosekane. Mpe nyasi na majani ya namna nyingi, na ganda la yai lililosagwa kwa ajili ya gamba lake. Ugali, mkate, maziwa na pumba kuleni wenyewe na ng'ombe wenu. Akiendelea kugoma, usione aibu kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na baba yangu alijifunza kwa kibarua wake bila kupungukiwa kitu.

Na siku utakapokuwa na mke na watoto, usiwape unachokipenda wewe ukadhani umewapenda wao. Watazame kwanza. Ukishaweka ulicho nacho, rudi nyuma, usubiri.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mikono ya kutoa. Akubariki wewe na nyumba yako, na kila kiumbe kinachokutegemea kisilale na kiu.