Kikohozi Kilichosikiwa na Majirani Tu

Majirani walikisikia kwanza. Mama Jeannette, aliyekaanga mandazi upande wa pili wa ukuta, alikisikia kila asubuhi akiwasha moto. Madereva wa pikipiki waliongoja abiria kwenye kona walikisikia pia, wakageuza shingo. Kilikuwa kikohozi kizito, cha mtu anayevuta kutoka chini kitu kisichotaka kupanda. Ndani ya nyumba yenyewe, katika mtaa ule wa Kasuku mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, hakuna aliyekisikia. Onema alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni, na Fifi, mkewe, fundi wa cherehani, alizaliwa kiziwi. Fifi alihisi kitanda kikitikisika, akadhani ni ubaridi unaopanda kutoka mtoni, akamfunika mumewe kitenge cha pili.

Onema alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko, mtu mrefu, mwenye grisi mpaka viwikoni. Pakiti ya sigara haikukosekana katika mfuko wa shati lake. Ilikuwa pale tangu vita.

Miaka ile waasi walikuwa wameshika mji, na wanamgambo wa Mai-Mai walikuwa msituni pande zote. Treni haikufika tena. Kilichoingia Kindu kiliingia kichwani mwa mtu au juu ya baiskeli. Onema, kijana bado, alisukuma madumu ya mafuta ya mawese kutoka upande wa Lokandu, pamoja na rafiki yake Soudi, kiziwi kama yeye. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na wenyewe. Mtu akiambiwa simama asisimame, alihesabiwa adui.

Siku moja Onema alikuwa ametangulia. Akaona vumbi linaruka mbele ya miguu yake. Likaruka tena, karibu zaidi, ndipo akaelewa kwamba ni risasi. Askari walitoka majanini, midomo yao ikienda mbio. Aligusa sikio, akagusa mdomo, akatikisa kichwa. Mmoja akamwekea bunduki kifuani, kwa maana walishawahi kukamata wapelelezi waliojifanya mabubu. Mwingine, aliyewazidi wenzake kwa umri, alikuwa anavuta sigara. Akaitoa mdomoni mwake, akaitia mdomoni mwa Onema.

Onema hakuwa amevuta hata mara moja. Alivuta kwa nguvu zake zote, akapaliwa, machozi yakamtoka, akaanguka magoti. Askari wakacheka. Alipoyaona meno yao alijua kwamba leo hafi.

Tangu hapo hakupita njia ile bila pakiti. Akifika kizuizini aliwagawia kabla hawajafungua midomo, akawasha yake, akavuta pamoja nao. Soudi hakuzipenda, zilimchefua. Safari moja Soudi alikwenda peke yake, na hakurudi. Kilichorudi ni baiskeli yake, ikiendeshwa na mtu aliyevaa sare.

Viziwi wa Kindu hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Vita ilipotulia, wengi wao walikuwa wanavuta. Hata ishara ya sigara, vidole viwili mdomoni kisha kiganja kufunguliwa mbele, ilikuwa imegeuka maana. Kwao sasa ilikuwa na maana ya "usiogope". Walisalimiana nayo. Walimfariji nayo mfiwa. Fifi alipojifungua binti yao Sifa, ambaye alikuwa anasikia, aliitumia kumbembeleza akilia.

Miaka ilipita. Redio za mji zilisema juu ya madhara ya tumbako. Walimu waliwaambia wanafunzi darasani. Watu wa afya walizunguka na kipaza sauti juu ya gari, kutoka sokoni hadi kituo cha reli. Viziwi waliokuwa wakikutana kwenye kibanda cha Onema walisimama, wakatazama mtu anayefungua na kufunga mdomo juu ya gari, wakacheka, wakawashiana sigara.

Sifa aliolewa Lokandu. Alipokuja kusalimia wazazi, mtoto mgongoni, alisimama njiani kabla ya kufika mlangoni.

"Mama Jeannette," aliita, "nani ule anakohoa hivi?"

"Njo baba yako."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ile ingine."

"Na hamukumwambia?"

Mama Jeannette alipangusa mikono yenye unga. "Na mudomo gani, mwanangu? Tuliwaza anajua. Muntu anakohoa hivi, atakosa kujua?"

Hakumkaribisha kama zamani. Sifa aliona pia kwamba watoto wa jirani, waliozoea kucheza katika uwanja wa mama yake, walikuwa wamekatazwa kuvuka. Kila mtu mtaani alikuwa ameamua ni ugonjwa gani, na kila mtu alikuwa amejilinda. Wenye nyumba peke yao ndio hawakuwa na habari.

Alipomwuliza baba yake, Onema alijibu kwamba kifua kinambana kidogo, na nguvu zimepungua, basi, ni uzee. Hakuwa na hata miaka hamsini. Sifa alimpeleka hospitali. Walimpiga picha ya mapafu, wakampima kifua kikuu, wakakikosa. Daktari aliishika picha dirishani kwa muda mrefu. Kisha akazungumza, macho yakiwa kwa Sifa tu, kana kwamba mzee hayupo.

"Baba iko na kitu ndani ya pafu la kushoto. Njo kansere. Imekomaa. Hapa hatuwezi kuitoa. Hata mukienda Kinshasa, sijui kama watawapa tumaini. Anavuta tangu zamani?"

"Tangu vita."

"Mwambie aache. Itamusaidia kupumua. Lakini..." Akairudisha picha katika bahasha.

Sifa alimgeukia baba yake. Mikono yake ikasema: mapafu yamechafuka, kuna dawa, upumzike.

Onema alikuwa ameishi kwa kusoma nyuso. Uso wa daktari alikuwa ameshausoma kabla binti yake hajainua mkono. Alivishika viganja vya Sifa, akavikandamiza juu ya mapaja yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata alipokuwa mtoto mtundu. Kisha akaviachia.

"Sema kama alivyosema yeye," aliashiria.

Sifa alisema. Ishara ya saratani hakuwa nayo, hakuna aliyewahi kuihitaji. Alikunja ngumi, akaiweka upande wa kushoto wa kifua, akaifungua polepole mpaka vidole vyote vikatanuka. Onema alitazama vidole vile.

"Nani ameniwekea?"

Sifa akagusa mfuko wa shati lake.

Onema akacheka. Alidhani ni mzaha, au amekosea ishara. "Hii iliniokoa," alijibu.

"Hii inaua, Baba. Redio inasema kila siku. Shuleni tulifundishwa."

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. "Ulifundishwa," aliashiria. "Lini?"

"Nikiwa mtoto."

Hakumkaripia. Sifa alitamani amkaripie. Alikuwa amekua akimwona baba yake akivuta, na kila siku alidhani anajua anachokivuta, kama watu wote mjini wanavyojua.

Kwenye kibanda, Onema aliwakusanya wenzake. Ngeleka, fundi wa viatu, alikuwepo, na Kayembe, aliyesukuma baiskeli katika njia ileile ya vita, na wengine wachache. Aliwaeleza habari ya hospitali. Hawakuamini. Tumbako, walisema, ndiyo iliyowabakisha hai. Aliwaonyesha ile picha ya mapafu, akiiinua kwenye jua. Waliona mawingu tu.

Basi Onema akavua shati, akawapa mgongo. Akamshika Ngeleka mkono, akauweka chini ya bega lake la kushoto, akavuta pumzi kadiri alivyoweza. Ngeleka alihisi kitu kinakwaruza ndani, kama mchanga katika mnyororo, kisha kikohozi kikapanda na mgongo wote ukaruka chini ya kiganja chake. Akautoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali. Mmoja baada ya mwingine waligusa. Mwisho Onema akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Fifi alikataa. Alikuwa ameuhisi mtikisiko ule kitandani msimu mzima, akaufunika kitenge.

Ngeleka aliponda sigara zake pale pale. Kayembe hakufanya hivyo. Wakati ule, kutoka mashariki, watu walikuwa wanaingia Kindu wakiwa na magodoro kichwani na watoto wenye miguu iliyovimba. Viziwi hawakusikia habari zilizokuja nao, lakini waliona wanajeshi wakipandishwa kwenye magari, na waliona nyuso za wafanyabiashara wakifunga maduka mapema.

"Vita ikirudi," Kayembe aliashiria, "utawapa nini kizuizini?"

Onema aliinua mabega, akaokota shati lake.

Hata hivyo alikwenda na Sifa kwa mama mmoja wa afya, yule wa gari la kipaza sauti, akamweleza kwamba gari lake limepita mbele yao miaka yote likiwa bubu. Yule mama aliona haya. Aliwapa nafasi katika ukumbi wa kituo chake, naye mwenyewe akaja kujifunza. Onema alifundisha akiwa ameketi, baadaye akiwa ameegemea ukuta. Walitengeneza ishara mpya ya "usiogope", kiganja juu ya kifua cha mwenzako, na ile ya zamani wakairudishia maana yake ya kwanza. Walikuja mafundi, mama wauza samaki, wasichana wa cherehani. Baadhi waliacha kuvuta. Baadhi waliacha mbele yake tu, wakaenda kuvuta nyuma ya soko, na yeye alijua, kwa maana pua yake ilikuwa nzima.

Alifariki kiangazi kilipoanza, akiwa ameketi, kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda. Kwenye mazishi, Kayembe alisimama mbali na kaburi, na moshi ukaonekana juu ya kichwa chake.

Matanga yalipokwisha, Fifi alipitia mbele ya shule ya viziwi, akienda kununua uzi. Nje ya lango aliona watoto wamemzunguka kijana mmoja, mikono yake ikizungumza. Alifurahi. Alidhani ni mwalimu mpya, maana ishara zake zilikuwa nyepesi, safi, zenye utani ndani yake. Daktari hakuzijua. Mama wa afya alikuwa bado anakosea. Fifi alisogea ili amsalimie.

Mtu yule alikuwa na sinia ya mbao iliyoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na peremende, biskuti, na sigara za kuuzwa moja moja, zimepangwa vizuri.

"Shikamoo, mama," aliashiria kwa heshima. "Pole kwa msiba wa Baba Onema."

Fifi aliitazama sinia. "Nani amekufundisha mikono hii?"

"Hawa hawa. Nakaa nao kila siku." Alitabasamu. "Nje ya shule, wenye masikio wengine hawazungumzi nao."

Alilolisema yule kijana lilikuwa kweli.

Fifi hakwenda kununua uzi. Alirudi nyumbani, akamwita Ngeleka, na kesho yake wakaibeba cherehani ya Fifi mpaka mbele ya lango la shule, ng'ambo ya njia, ikitazamana na sinia, ili watoto wapate mikono mingine ya kuzungumza nayo. Muuzaji alimpungia mkono kwa adabu, akasogea kidogo ili asimzibie kivuli. Fifi aliketi, akapitisha uzi uliobaki katika tundu la sindano, mguu juu ya kanyagio. Lango likafunguliwa kwa mapumziko. Watoto walitoka mikono ikiwa tayari inazungumza, wakasimama katikati ya njia, wakitazama upande huu na upande ule.