Chokaa Iliyokataa Kuiva

Mwanangu, umenichosha. Mara ya tatu leo unaniambia kuwa mmenyuko wa kikemia unaotoa joto ndio pekee unaojiendea wenyewe. Hebu weka simu chini, nikwambie nilivyoaibika Tongoni nilipokuwa binti wa umri wako.

Baba alikuwa mchoma chokaa. Mimi nilikuwa kidato cha tano, najiona mkemia. Alipokwenda mazikoni Muheza kwa siku mbili, aliniachia tanuri limejaa mawe ya matumbawe. Chokaa ile ilikuwa ya kupiga lipu nyumba ya shangazi, mjane, kabla masika hayajaingia.

Nikatoa daftari. Jiwe likivunjika kuwa chokaa na hewa, humeza joto: enthalpi, kilojuli mia na sabini na nane kwa moli. Hewa ikitoka, mtawanyiko huongezeka: entropi, juli mia na sitini kwa moli kwa kila kelvini. Nikagawa enthalpi kwa entropi nipate halijoto ya kuvunjia jiwe, kilojuli kwa juli vivyo hivyo, jibu likaja kelvini moja na kidogo, baridi kuliko barafu! Nikawaambia vibarua, moto mdogo unatosha. Wakatazamana, wakapunguza kuni, binti wa mwenye tanuri keshasema.

Baba aliporudi alimwagia jiwe moja maji. Chokaa iliyoiva hutokota na kufoka. Lile lilikaa kimya, kama limeoshwa tu.

"Nani kapunguza moto?"

"Mimi, baba. Hesabu ilisema jiwe huvunjika hata kwenye baridi..."

"Hesabu yako ingekuwa kweli, matumbawe yote ya pwani hii yangeshakuwa unga! Hata jiwe la tumbawe ulilolikalia hukulitazama, kwamba bado ni jiwe?"

Kuni zilizobaki hazikutosha kuchoma upya. Mvua ikaja, ukuta wa shangazi ukaanguka, akalala jikoni kwetu masika yote. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi nisikilize, sitarudia. Joto peke yake halikupi jibu, wala mtawanyiko peke yake. Geuza kwanza juli na kilojuli ziwe kipimo kimoja. Zidisha entropi kwa halijoto ya kelvini, utoe kwenye enthalpi. Ukipata hasi, mmenyuko unaweza kwenda wenyewe. Mawe ya baba yalitaka kelvini elfu moja na mia moja na zaidi! Na ukishapata jibu, inua macho utazame kitu chenyewe, kisha uwaulize walioshika moto kabla yako.

Haya, futa, anza upya. Mwenyezi Mungu akufungulie kichwa, mwanangu, na mimi anizidishie subira.