Taulo la Kinyozi

Kabla waziri hajapigwa risasi, yule kinyozi alijulikana kwa mkono wake mwepesi. Baada ya hapo akajulikana kwa taulo.

Asubuhi ile alimnyoa waziri ndevu kama kawaida. Waziri alilalamikia jino, akatania kidogo, akatoka. Kinyozi akaanika taulo bichi mlangoni, na papo hapo milio ikasikika barabarani. Muuaji hakukamatwa. Tume iliundwa, ikamhoji kinyozi hadi ikamchosha, kisha ikavunjwa na ripoti yake ikafungiwa.

Watu hawakukubali kubaki hivihivi. Wengine walisema waliomuua ni wenzake serikalini, wengine wakawataja wageni, wengine wakaapa kwamba waziri yu hai ng'ambo, anakula raha zake. Ila wote waliafikiana kuwa taulo lile lilikuwa ishara kwa muuaji. Wateja walikuja kunyolewa huku wakimchimba. Hata shemeji yake alimnong'oneza kwamba kama alitishwa, aseme tu, ndugu hawatamtupa. Kinyozi alieleza mpaka ulimi ukamkauka: taulo likilowa huanikwa. Akinyamaza, anaficha. Akisema, kafundishwa. Miaka ikapita hivyo, mvi zikamjaa.

Mchana mmoja akaingia mjane wa waziri, peke yake, akaketi kwenye kiti cha kunyolea.

"Fundi, sikuja kugombana. Lile taulo..."

"Lilikuwa bichi, mama. Basi."

Mjane alimtazama kwenye kioo.

"Nakuamini," alisema. "Na hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa wewe, angalau ningejua wa kumchukia."

Kinyozi akamsimulia habari za jino: jinsi marehemu alivyoshika shavu, akaapa kwamba hang'olewi, heri afe nalo. Mjane akacheka, kicheko kikamgeukia kilio. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akashukuru, akaenda zake.

Mteja aliyekuwa akisubiri akakaa, akafungwa kitambaa shingoni. Hakungoja hata mashine iwashwe.

"Huyo mama kakwambia muuaji ni nani?"

Kinyozi akamfungua kitambaa taratibu, akamwomba radhi, akafunga duka jua likiwa utosini. Nyumbani mkewe alishtuka kumwona, akauliza kama anaumwa.

"Nimechoka tu, mama watoto."

Mkewe akasogeza nguo alizokuwa akikunja kitandani, akampisha ajilaze.