Kungwi na Mtihani wa Fizikia

Pale Kijichi, mwanamke anayetaka kumwoza binti yake huanzia kwa Hamisa. Hamisa binti Mwinshehe ndiye kungwi wa mtaa ule na wa mitaa ya jirani mpaka Toangoma, na baadhi ya wali aliowafunda leo nao wana mabinti wakubwa. Anajua bibi harusi akae vipi, aseme lini, anyamaze lini, na mume akirudi amefura kwa hasira atulizwe kwa neno gani. Ni mwanamke wa kuheshimiwa, na heshima yake aliifanyia kazi.

Lakini mambo ya shule hakuyafanyia kazi. Hilo alilijua siku moja alipokuwa akianua nguo, jirani yake Demetria alipomsemesha kutoka ng'ambo ya uzio wa michongoma. Demetria ni muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Bukoba.

"Bi Hamisa, Najat kaniambia anataka uuguzi. Nimefurahi kweli. Fizikia anaionaje? Blessing wangu inamtoa jasho."

"Fizikia hasomi, yuko darasa la sanaa. Si baiolojia anasoma? Anaipatia sana."

Demetria akaiacha kanga aliyokuwa akiikunja. "Bila fizikia na kemia chuo hakimchukui, dada yangu. Hata baiolojia apate mia. Hamkuambiwa?"

Hawakuambiwa kwa sababu siku ya kuambiwa hawakuwapo. Januari ya mwaka uliopita, Najat alipokuwa anaingia kidato cha tatu, Hamisa alikuwa na mwali wa kufunda Kimbiji, akamchukua bintiye amsaidie. Aliyemuuliza habari za shule alipewa jibu ambalo nusu ya mji hulitoa kila Januari: "Wiki ya kwanza wanafyeka majani tu." Ni kweli majani yalifyekwa. Lakini wiki hiyohiyo wanafunzi waligawanywa, wa sayansi huku, wa sanaa kule, na kwa kuwa shule ina maabara moja, darasa la sayansi lilijaa upesi. Najat aliporudi, hina bado ikiwa mkononi, jina lake lilikuwa limeshaandikwa sanaa. Alilia. Mama akamwambia, "Nyamaza, nitakwenda kuongea na mwalimu."

Hakwenda. Ilikuja harusi ya Mtoni, ikaja ya Tandika, ukaingia mwezi wa Ramadhani, ukaja mfungo mosi, mwezi wa Idi, na harusi zake. Mtoto alikumbusha mpaka akaacha kukumbusha. Mzazi anayesema "nitakwenda" na asiende amedanganya, hata kama wakati wa kusema alikusudia kwenda. Tusimtafutie jina jingine.

Sasa Najat alikuwa kidato cha nne, na usajili wa mtihani wa taifa ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi.

Kesho yake asubuhi Hamisa alikuwa shuleni. Mwalimu wa taaluma, ambaye ndiye pia anayefundisha fizikia, anaitwa Abdulrahman. Mkewe, Farida, alifundwa na Hamisa. Kwa hiyo mwalimu aliinuka, akamwachia kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Farida hajambo?"

"Hajambo. Au amekuja kunishitaki?"

"Angenishitakia ningekuja na bakora. Leo nimekuja kwa ajili ya mdogo wake, Najat."

Akaeleza. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

"Mama, mwaka mzima umepita. Mbona hukuja?"

"Nilikuwa na kazi, mwanangu."

"Na mimi nilikuwa hapahapa, kila siku."

Hamisa akainamisha kichwa. Wanawake wengi walikuwa wameinamisha kichwa mbele yake. Yeye hakukumbuka mara ya mwisho alipoinamisha chake.

"Ana akili yule mtoto," akasema.

"Anayo. Ndiyo inayoniuma." Mwalimu akafikiri. "Nampa wiki tatu. Aingie masomo ya sayansi, na ya kwake asiyaache. Kisha afanye mtihani wa kemia kwa mwalimu wa kemia, na wa fizikia kwangu, mambo ya kidato cha tatu. Akipata thelathini kemia, thelathini fizikia, namsajili. Asipopata simsajili, na usinirudie, mama. Nikimsajili asiyejua nitakuwa nimempa sifuri kwa mkono wangu."

Nyumba ya Hamisa ikageuka darasa. Mkeka wa kufundia wali ukatandikwa madaftari. Blessing, bintiye Demetria, alikuja kila jioni kumwelekeza mwenzake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa mwalimu.

"We Najat, hapo kwenye mchoro umeme haupiti. Umeshaukata."

"Basi mie na ukoo wangu tutakaa gizani."

"Na mgonjwa akisikia nesi wa zamu ni wewe, atashuka kitandani mwenyewe aende kwa mganga."

Walicheka, lakini Najat alikuwa anakonda. Alisinzia na kijiko mkononi. Hamisa aliwakatalia watu wa Tandika waliomletea mwali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa uani akisikiliza maneno ya fizikia asiyoyajua kama mtu anayesikiliza kilio cha nyumba ya jirani. Kila neno lililomshinda Najat lilimchoma yeye. Akihesabu wiki alizozipoteza, aliona giza.

Mtihani wa kemia ulifanyika, Najat akapata thelathini na tatu. Alikuja mbio kutoka shuleni kumwambia mama yake. Hamisa alimkumbatia, lakini moyoni alisikia ile tatu peke yake: alama tatu tu ndizo zilizomponya mwanawe.

"Na fizikia?"

"Fizikia ngumu zaidi, mama. Lenzi zinanichanganya. Ila nikikaa na Blessing siku hizi zilizobaki nitafika, naona kabisa nitafika."

Mama aliyesikia "ngumu zaidi" hakusikia yaliyofuata. Hofu ina masikio yake, huchagua.

Mchana wa siku ya pili, mwalimu akiwa shuleni, Hamisa alibisha hodi kwa Farida. Farida alipiga magoti, akambusu mkono, akamtandikia. Hamisa hakunywa hata maji.

"Mumeo anatungia wapi mitihani yake?"

"Hapa hapa, jioni. Huandika kwa mkono, anatia kwenye mkoba." Farida akatabasamu. "Kwani vipi, bibi?"

"Huo wa Najat ameshauandika?"

Tabasamu likamtoka. "Kungwi wangu..."

"Nautaka nione kilichomo. Upige picha kwa simu."

"Kungwi wangu, si wewe uliyenifunda? Mkoba wa mume haupekuliwi. Ulinirudia neno hilo mara ngapi?"

"Nilikufunda mie. Na leo ninayekwambia ni mie."

Mkoba ulikuwa mezani, kwa kuwa siku hiyo mwalimu alikuwa amekwenda na madaftari tu. Farida aliutazama kama mtu anavyoutazama mlango wa chumba cha maiti. Wasiofundwa watauliza kwa nini hakukataa. Mwali hana neno mbele ya kungwi wake. Aliyemfundisha kunyamaza ndiye huyohuyo aliyekuja kuutumia ukimya wake. Mwenye amana akiigeuza silaha, hakuna mwizi wa usiku anayemfikia kwa ubaya, maana mwizi hakuaminiwa na mtu.

Farida alifungua mkoba huku analia. Picha ikaingia kwenye simu ya Hamisa.

Jioni Najat aliziona karatasi katika ile simu, akairudisha kwa mama yake haraka.

"Umeyatoa wapi maswali haya?"

"We soma."

"Sitaki, mama. Mie nilikuwa nafika. Jana mwalimu kaniuliza darasani nikajibu."

"Na usipofika? Najat, nitaishi vipi? Kila nikikutazama nitajua ni mie niliyekufungia njia. Nitakufa na hilo. Unataka nife na hilo?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye simu. Najat hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Akaichukua. Hakuichukua kwa tamaa ya alama. Aliichukua kama mtu anayemshika mwenzake asianguke. Jioni hiyo na iliyofuata hakukaa na Blessing. Alitafuta majibu kitabuni, moja moja, akayakariri kama yalivyo, nambari kwa nambari.

Alipata themanini na mbili.

Siku ya mwisho ya usajili, mwalimu aliwaita wote wawili asubuhi. Ofisini hakuwapo mtu mwingine. Ukutani kulikuwa na ubao mdogo. Macho ya mwalimu yalikuwa mekundu, na Hamisa ndiye aliyeanza kumwamkua, akasahau kuwa mwalimu ni mdogo kwake.

"Najat," mwalimu akasema, "shika chaki. Kwenye mtihani niliweka mshumaa sentimita thelathini mbele ya lenzi, na umbali wa fokasi ya lenzi ni sentimita kumi. Ukajibu taswira iko sentimita kumi na tano. Sawasawa. Sasa mshumaa nausogeza, uwe ishirini. Taswira iko wapi?"

Najat aliandika kumi na tano.

"Hiyo ni ya thelathini."

Akaifuta kwa kiganja. Akajaribu tena. Chaki ikamvunjikia mkononi.

"Karatasi ile niliiandika nyumbani kwangu," mwalimu akasema taratibu. "Haikuchapwa. Ilikuwa mkobani mwangu, na mkoba ulikuwa mezani kwangu." Hakuuliza nani. Alimtazama Hamisa mara moja, kisha akatazama dirishani.

Hamisa aliteremka kitini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Niadhibu mie. Nipeleke polisi, nitangaze msikitini. Mtoto usimguse."

"Inuka, mama. Usinifanyie hivi. Inuka."

"Msajili."

"Simsajili."

"Basi mpe mtihani mwingine, sasa hivi, mie nipo hapa nje nangoja!"

"Nitaupima vipi ukweli, mama? Mtoto mwenyewe hawezi hata kushika chaki." Mwalimu akamtoa Najat vipande vya chaki mkononi. "Nikwambie jambo, ingawa litakuumiza. Wiki hii nilimuuliza darasani maswali ya lenzi, akajibu, kwa kusuasua, lakini akajibu. Nilikuwa na hakika thelathini ataipata. Kwa jasho lake."

Hamisa akajifunika uso kwa kanga.

"Akimaliza kidato cha nne anaweza kurudi kufanya fizikia na kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea," mwalimu akaendelea. "Atafute pa kusomea, atafute maabara ya kumpokea. Wachache wanaofika. Sitamdanganya kwamba ni rahisi."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, binti nyuma. Karibu na nyumbani Najat alisema, si kwa hasira, "Kemia ilikuwa yangu. Zile thelathini na tatu nilizipata mwenyewe." Aliingia, akakaa kwenye mkeka, akawa anayapanga madaftari na kuyapangua.

Baada ya adhuhuri mlango ulibishwa hodi. Alikuwa Farida na begi la nguo.

"Amekuacha?" Hamisa akauliza.

"Talaka hajanipa." Farida alizungumza akitazama chini. "Hakunipigia hata kelele. Alisema, nenda kwa aliyekufunda ukafundwe upya. Siku ya kurudi atasema mwenyewe, kama ipo."

Ni mila ya zamani. Mke akikosea, mume humrejesha kwa kungwi wake, na kungwi hukaa naye, humweleza kosa lake na kumwonya, kisha humrudisha kwa mumewe amenyooka. Hamisa amewapokea wengi namna hiyo, akawanyoosha. Farida aliweka begi, akakaa mkekani kama wali wanavyokaa, miguu ameikunja upande, mikono mapajani, akangoja kusemeshwa.

Hamisa akaketi mbele yake. Kosa lipo, lakini amweleze nini mwali aliyelijua kosa kabla ya kungwi wake, akalitaja, akaamrishwa kulitenda?

"Nisamehe," akasema hatimaye.

Kungwi hamwombi msamaha mwali. Farida akaendelea kukaa vilevile. Najat naye hakugeuka.

Ng'ambo ya uzio, Blessing alipaza sauti: "Najat! Fomu zinapelekwa saa hii, umesajiliwa? Nijibu bwana, roho inanidunda!"

Akaita tena, mara hii kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Adhana ya alasiri iliadhiniwa, ikaisha, na wanawake wale watatu walikuwa bado wameketi, hakuna aliyeinuka kutia udhu.