Mkwe Asiye na Sauti

Mke wangu tumemzika Malakisi, nyumbani kwetu kwa zamani. Kuna jambo moja la siku zake za mwisho linanikula, na sijui nitalimeza vipi.

Mimi niliacha shule darasa la pili. Nilibeba tumbaku mgongoni hadi nikanunua shamba langu upande wa Kitale, karibu na Kiminini. Hakuna mtu alinishika mkono. Kwa hivyo msichana wangu, yule aliyeenda Ujerumani kuwa muuguzi, alipomleta Mjerumani wake, nilimuuliza swali moja.

"Unafanya kazi gani?"

"Naimba, baba."

"Hiyo ni ya Jumapili. Nauliza kazi."

Msichana akacheka, akaeleza. Ati huko kuna majumba makubwa, watu wanavaa vizuri wanaenda kutazama hadithi inayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Mume wake ni besi, ile sauti nzito ya chini. Alianza nyuma na wale wengi wa kwaya, wakamsogeza mbele, akahamia jumba la mji mkubwa. Kwenye hizo hadithi besi hapewi kuwa kijana wa kuoa. Yeye ni mfalme, kuhani, shetani, au baba anayemkataza binti asiolewe.

"Hiyo ya baba mimi hufanya bure," nikamwambia. Mkwe alicheka mpaka akakohoa.

Akaimba pale uani. Sauti ilitoka chini kabisa, nikaisikia kwenye mbao za kiti nilichokalia. Mke wangu alikuwa jikoni, mlango umefungwa. Kwetu sisi mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Siku hizi wengi wameacha, lakini yeye alikataa. Msichana akamwambia hata kanisa halikatazi. "Kanisa ni kanisa," akajibu, "mkwe ni mkwe."

Lakini sauti aliipenda, bana. Miaka yote, Jumapili wakipiga simu ili mkwe amwimbie, aliiweka kwenye stuli na kutunyamazisha sote. "Huyu ni mtoto wangu," alikuwa akisema. Picha yake hakuitaka hata kuiona.

Halafu mkwe akapata kivimbe kooni. Madaktari wakakata. Alipona, lakini ilibaki pumzi tu, kama mtu anayepuliza makaa. Kwenye lile jumba wakampa maua, wakamuaga. Msichana hakumwambia mama yake, kwa sababu mama naye alikuwa ameanza kuugua. Jumapili alikuwa akimwekea kwenye simu nyimbo za zamani alizorekodi mumewe, mama akidhani ni mkwe anaimba.

Mke wangu alipozidiwa aliomba turudi Malakisi. Akaomba kitu kimoja tu: mkwe aje asimame mlangoni, amwimbie yeye mwenyewe.

Wakaja. Tukatundika pazia mlangoni. Mkwe akasimama upande wa nje, shingo imefungwa skafu, akajaribu. Mimi niliyekuwa karibu naye sikusikia kitu.

"Ameshafika?" mke wangu akauliza.

"Yuko hapa, mama," msichana akasema.

"Mbona haimbi?"

Msichana akaanza kulia, akamwambia yote: ugonjwa, kisu, maua. Halafu mke wangu akafanya kitu ambacho sikutarajia. "Toeni hilo pazia," akasema. "Aingie nimwone."

Nililitoa mwenyewe. Mkwe akaingia, mtu mrefu, mvi tupu, akapiga magoti kando ya kitanda. Mke wangu akamtazama sana. Alitazama mdomo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mkwe wako," nikasema.

"Mzee, usinichezee. Mkwe wangu namjua."

Msichana akashika simu, akafungulia wimbo wa zamani ili amkumbushe. Ile sauti ikajaza nyumba. Uso wa mke wangu ukafunguka, halafu, alipotazama tena mdomo wa mkwe, ukasinyaa.

"Si munasikia? Bado yuko huko. Anapiga simu."

Tulimweleza tena. Mkwe akachukua mkono wa mke wangu akauweka kifuani pake, akavuta pumzi ndani kama anayetaka kuimba. Yeye akauondoa polepole, kwa adabu, vile mtu anafanya kwa mgeni.

"Wewe ni mtu mzuri," akamwambia. "Umetoka mbali. Ukirudi Ujerumani, mwambie mtoto wangu nimemngoja. Mwambie sijakasirika."

Mkwe anaelewa Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa, machozi yakishuka ndani ya skafu.

"Mbona hajibu?" mke wangu akaniuliza.

"Amesikia," nikasema. "Atamwambia."