Kikao Hakifunguliwi kwa Midomo Mikavu

Kikao cha kumnasihi kaka yangu aache pombe kilifunguliwa kwa pombe. Nalieleza jambo hili kwa utulivu kwa sababu nina shahada ya uzamili, na wasomi hatutarajiwi kupiga mayowe.

Kaka ni fundi pikipiki wa Kibondo. Gongo ilimla hata macho yakawa ya manjano, akalazwa. Daktari alimruhusu kwa sentensi ambayo bado inanitetemesha: ukionja tena, usinitafute mimi, mtafute padri. Nikampeleka nyumbani kwetu Rungwe Mpya apumzike. Ukoo nao, kwa upendo usio na breki, ukaitisha kikao.

Kwetu neno zito halisemwi midomo ikiwa mikavu. Mtungi wa pombe ya ndizi huwekwa katikati, mirija huchomekwa, na mwenye shauri ndiye anayeanza kuvuta. Asipovuta, wengine hawanywi. Na wasipokunywa, hicho si kikao, ni watu waliokaa tu. Siku hiyo mwenye shauri alikuwa kaka.

Baba mkubwa, mwenyekiti wetu, alianza kwa kuzilaani dawa za kulevya zote, hasa zile ambazo hakuna mtu pale aliyewahi kuziona.

"Vijana wanakwisha!" alisema, huku akiupangusa mrija wake kwa upole kama anayemfuta mtoto pua.

"Baba mkubwa, kilichomlaza kaka ni pombe."

"Ni gongo, msomi. Gongo ni sumu. Hii ni ndizi. Ndizi ni tunda."

"Na hospitali si wanahimiza matunda?" akadakia shangazi, aliyeipika.

Nikaanza kupanga jibu. Ilifaa kutofautisha kwanza tunda na kinachotokana na tunda, kisha mila na mazoea. Nilikuwa bado napima kipi kitangulie nilipoona mkono wa kaka umeushika mrija. Koo lake lilikuwa likimeza kitu ambacho hakijaingia kinywani.

"Nipeni chai," akasema.

Baba mkubwa akacheka. "Chai ni ya wagonjwa, mwanangu."

"Kwani mimi ni nani?"

Tangu nimlete, neno “mgonjwa” halikuwa limetamkwa juu yake. Walisema amechoka, walisema Kibondo kuna watu wabaya.

Mama aliingia jikoni, akatoka na kikombe kinachofuka moshi. Kaka akauchomoa mrija mtungini, akaufuta kwa shati, akaufuta tena. Nilikuwa nawaza tone lililosalia ndani yake. Mama hakuwaza, aliupokonya, akauvunja kwa goti, akampa mwingine mkavu.

Kaka akauchomeka katika chai, akavuta. Ilikuwa ya moto mno. Machozi yakamtoka, na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu.

Baba mkubwa aliutazama mtungi, akakitazama kikombe, akatutazama sisi sote tulivyokauka.

"Amevuta," akatangaza hatimaye. "Kikao kimefunguliwa."

Wakainamia mirija yao. Walimnasihi kwa bidii juu ya madhara ya ulevi, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndimi zikaanza kugongana na shangazi akalia kwa uchungu wa kizazi kinachopotea. Kaka aliwaitikia wote kwa adabu, kikombe mkononi, lakini macho yake hayakubanduka mtungini.

Nikakiinua kigoda changu, nikakiweka kati yake na mtungi, nikakaa.