Siku Gari la Dobi Lilipofungwa Kipimo Mkiani

Watu wa mtaa ule walilijua gari la dobi kabla hawajaliona. Kwanza ilikuja harufu, likafuata wingu, na likishapita, wewe macho umeshayafumba, ndipo uliposikia honi. Ubavuni limeandikwa kwa buluu: USAFI NI SISI. Wenye ndimi zao wakasema ni kweli, usafi ni wao, wameuchukua wote wakatuachia masizi.

Aliyekuwa akiliendesha ni Bi Klachi. Jina hilo alilipata kwa mumewe, dereva wa malori, aliyemfundisha kuendesha kwa neno moja tu. Kila alipokosea, mume alipiga dashibodi akafoka, "Klachi! Klachi, mama!" mpaka majirani wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Siku alipopata leseni, mume alipanda naye mara moja, akashuka kwenye taa za kwanza, akasema miguu yake bado ina nguvu. Sasa mgongo umemkatalia mume kazi, yuko nyumbani anagombana na redio, na mkewe ndiye anayeshika usukani na kuleta unga.

Gari lenyewe alilijua kama mtu anavyomjua mke mwenzake: hampendi, lakini hakuna siri ya yule asiyoijua. Chini ya miguu yake sakafu ilikuwa na tundu, moshi ukapandia hapo. Akaliziba kwa kipande cha zulia, moshi ukatafuta mlango mwingine. Mashuka yaliyotoka kwenye pasi meupe pee yalifika kwa wenyewe yakinuka gereji. Na kifua cha Bi Klachi kikaanza kupiga mluzi, hata mumewe akawa anagutuka kitandani na kuuliza, "Nani kaacha birika motoni?"

"Wifi, ukikohoa wewe, mashati yangu yanajikunja upya," wifi yake, dada wa mumewe, mpiga pasi palepale kwa dobi, alimwambia. "Mwambie mwenye gari alitengeneze."

"Nimemwambia. Kasema gari halina ubaya, ubaya uko kwenye mapafu yangu. Eti gari lake limekaguliwa likapita, mapafu yangu yamekaguliwa na nani?"

Na kweli, gari lilikuwa likipita kila mwaka. Kule kwenye kituo cha ukaguzi gari husimama, injini huunguruma kwa adabu kama bibi harusi, kipimo huchomekwa kwenye ekzosi, mkaguzi akaitikia kwa kichwa, basi. Gari likisimama halina dhambi, ni kama mtu aliyelala. Dhambi za gari hili zilikuwa mlimani, likiwa na mzigo, mguu umezama kwenye mafuta. Na kituoni hapakuwa na mlima.

Mwenye gari aliitwa Mzee Kola. Shingo ya shati lake ilitiwa wanga ikasimama kama bati, hata hakuweza kumtazama mtu wa pembeni bila kugeuka mwili mzima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bahili, na alikuwa na majivuno, na mambo hayo mawili yalipigana mieleka ndani yake kutwa kucha. Leo hili juu, kesho lile.

Basi ofisi ya mazingira ikatangaza kwamba magari ya biashara sasa yatapimwa yakiwa kazini. Barabarani, kwa njia zake za kila siku. Mashine itafungwa nyuma ya gari na kuonja moshi safari nzima, na gari litakalozidi kiwango halitatembea mjini mpaka litengenezwe.

Mzee Kola akamwita Bi Klachi ofisini, chumba kilichojaa madumu ya sabuni na kalenda za miaka iliyopita.

"Mama, kesho ni zamu yetu. Utaendesha kama umebeba yai."

"Bichi au la kuchemsha?"

"Sicheki. Mwenda pole hajikwai. Gari likianguka kwenye kipimo nitajua ni mguu wako ulioliangusha, funguo uziache hapa mezani, ukakae na mumeo msikilize redio."

"Na likipita, bosi?"

"Likipita tunaendelea nalo. Gari hili bado bichi."

Bi Klachi akatoka. Likipita, kifua chake kitakwenda na maji. Likianguka, kazi imekwenda. Akaenda kusimama kwenye meza ya pasi, akaanza kukunja foronya ambayo wifi yake alikuwa ameshaikunja.

"Kwa hiyo," wifi akasema baada ya kuelezwa, "wewe unataka lianguke, ila asiwe wewe uliyeliangusha."

"Hapo hapo."

"Basi ataliangusha nani?"

"Mwenyewe."

"Mzee Kola? Utamwombaje?"

"Sitamwomba. Ataniomba yeye."

Wifi akainua pasi juu, akamtazama, akacheka mpaka shati la watu likaponea chupuchupu. Maana alikwishaelewa. Mambo yote yalikuwa kwenye hoteli ya mlimani.

Hoteli hiyo ilikuwa na mashuka mengi kuliko wageni, na madobi wawili waliyagombea. Mmoja ni Mzee Kola. Wa pili ni shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye zamani walikuwa pamoja kazini, kisha wakakosana, yule akaondoka na kufungua duka lake na kununua gari jipya. Walikuwa wakivutana mabunda mlangoni, wageni wanapiga picha, mpaka mtunza stoo wa hoteli akachoka akaweka sheria: atakayefika wa kwanza asubuhi ndiye atakayebeba mashuka ya siku hiyo. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa mashindano. Mzee Kola mwenyewe alikuwa akimsindikiza Bi Klachi getini kwa kupiga mlango wa gari kofi, "Wahi! Wahi, mama, usinitie aibu!" Hivyo ndivyo gari lile lilivyoendeshwa siku zote. Hiyo ndiyo kawaida yake.

Asubuhi mpimaji akaja. Alikuwa jitu la watu lenye vidole vya upole, anatafuna tangawizi. Akalifunga bomba kwenye ekzosi kwa kibano, akapitisha mpira mpaka kwenye sanduku alilolifunga mkanda nyuma ya gari, akaweka kipimajoto juu ya paa, betri yake mwenyewe, waya zake mwenyewe. Kisha akajibana kiti cha nyuma kati ya mabunda, kompyuta mapajani.

"Tangawizi ni ya nini, kaka?" Bi Klachi akamuuliza.

"Nikitazama kioo gari likiwa linakwenda, natapika."

"Na ukachagua kazi hii?"

"Kazi ndiyo iliyonichagua, mama. Haya, piteni njia yenu ya kila siku. Endesha kama kawaida."

"Kawaida yetu ni taratibu," akadakia Mzee Kola, ambaye hajapata kupanda gari hilo hata siku moja, lakini leo alikuwa ameshakaa kiti cha mbele kuulinda mguu wa dereva.

Mpimaji akayatazama mabonde ya bampa, akamtazama mzee. "Mimi sina neno. Anayesikiliza ni mashine."

Wakatoka. Jamani, Bi Klachi aliendesha! Hata gari lenyewe lilishangaa. Baiskeli ikawapita. Mkokoteni wa maji ukawapita, na mwenye mkokoteni akageuka kuwapa pole, akidhani wameharibikiwa. Nyuma honi zikajipanga kama kwaya. Ekzosi ikatoa moshi mwembamba, wa heshima, kama wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha.

"Unaona?" Mzee Kola akasema, kola imemsimama. "Mwenda pole hajikwai."

"Sijapata dereva kama huyu," mpimaji akasema kutoka nyuma. "Tangawizi yenyewe nimeirudisha mfukoni."

"Na mashine inasemaje, kaka?" Bi Klachi akauliza, sauti imetulia.

"Mpaka sasa safi. Mkipanda mlima hivi hivi, mtapita."

Barabara ya kuzunguka mji ikaisha, mlima ukaanza kuonekana, na kwenye kioo cha pembeni hapana kitu. Leo yule shemeji kalala? Bi Klachi akapunguza mwendo zaidi. Mzee Kola akafurahi zaidi. Bi Klachi akawa anamwomba Mungu kimoyomoyo amwamshe shemeji wa watu.

Akatokea. Gari jipya, linang'aa, likaja mbio likawafikia, na badala ya kupita likapunguza mwendo likaenda nao sambamba. Kioo kikashuka.

"Shemeji!" yule akaita. "Mnasindikiza maiti ya nani?"

Mzee Kola akatazama mbele.

"Naona gari limefungwa nepi! Limeanza kujiharibia?"

"Endelea hivyo hivyo, mama," Mzee Kola akasema huku ameuma meno.

"Haya, mimi natangulia kuchukua mashuka. Jioni nitampigia dada, nimwambie mumewe nimemkuta njiani, mzima, anajitahidi kutembea!"

Akapiga honi ya madaha, akaenda. Shingo ya Mzee Kola ikaanza kuiva ndani ya kola, kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu.

"Mama."

"Naam, bosi."

"Ongeza kidogo."

Bi Klachi akaongeza. Aliongeza kiasi cha chumvi ya mgonjwa wa presha. Lori la mchanga likawapita.

"Ongeza, nasema!"

"Bosi, si umesema yai?"

"Yai gani tena? Yule anafika kule!"

"Mwenda pole hajikwai, bosi."

"Mwenda pole hatafua hata foronya moja leo! Kanyaga!"

"Sikusikii vizuri. Injini hii ina kelele."

Mzee Kola akageuka mwili mzima, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliowafikia hata wasiokuwa na gari. "Kanyaga, mama! Kanyaga mpaka chini!"

Bi Klachi akatazama kioo cha ndani. "Kaka mpimaji, na wewe umesikia hivyo, au ni masikio yangu ya uzee?"

"Nimesikia," mpimaji akasema, akiitafuta tangawizi yake haraka haraka. "Nadhani na mashine imesikia."

Hapo Bi Klachi akabadilisha gia na kukanyaga.

Gari likalia kama limechomwa na mwiba. Likatetemeka, likakohoa, likaukumbuka ujana wake, likaushika mlima. Nyuma likafunguka wingu jeusi tii, nene, la kukatwa kwa kisu. Askari wa barabarani aliyekuwa amesimama kwenye kona akapotea humo mzimamzima, na alipotokea, kofia yake nyeupe ilikuwa na msiba. Lori la mchanga likapitwa. Zulia likaruka sakafuni, moshi ukajaa ndani, Mzee Kola akakohoa, akafuta machozi, akaendelea kupiga dashibodi, "Wahi! Wahi! Usinitie aibu!" Mpimaji alikuwa ameikumbatia kompyuta kama mtoto mchanga na kusema "mama, mama, mama," na haikujulikana anamwita nani.

Karibu na kilele wakamfikia shemeji. Bi Klachi akampita kwenye kona, honi juu, na Mzee Kola akatoa kichwa, mabega, kola na vyote dirishani. "Msalimie dada yako!"

Wakafika wa kwanza. Mtunza stoo wa hoteli akawatolea mabunda ya mashuka machafu, Mzee Kola akayapokea mwenyewe, anacheka kama mtoto aliyeshinda gololi.

Mpimaji akashuka akiwa ameshikilia mlango, akakaa juu ya bunda, akainamisha kichwa. Rangi yake ilipomrudia akasema, "Mzee, limezidi."

"Limezidi mbio?"

"Limezidi moshi. Pale mlimani kipimo kilipanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Nozeli za kurushia dizeli zimekufa, pampu yake nayo sijui. Kuanzia hapa ulipo, halitembei." Akabandika karatasi nyekundu kwenye kioo cha mbele.

Kicheko kikamwisha Mzee Kola kama maji kwenye beseni lililotoboka. Akageuka, mwili mzima, kumwelekea Bi Klachi.

Bi Klachi hakungoja. Alizitoa funguo akaziweka juu ya boneti. Alikuwa amecheza mchezo wake wote, sasa hana karata nyingine.

"Funguo hizo, bosi. Uliniambia."

Mzee Kola akafungua mdomo. Ubahili na majivuno vikashikana mashati, na kwa mara ya kwanza Bi Klachi hakujua nani atakuwa juu.

Wakati huohuo gari jipya likaingia uani. Shemeji akashuka, uso wote masizi, macho mawili tu meupe. Akampita Mzee Kola kama hamwoni, akaenda moja kwa moja kwa Bi Klachi.

"Mama, nimeendesha miaka na miaka. Sijaona mtu akipanda mlima ule namna ile, tena na mkweche kama huu." Akaziona funguo juu ya boneti. "Amekufukuza? Njoo kwangu. Leo hii hii."

Kabla hajamaliza, Mzee Kola alikuwa ameshazinyakua funguo na kumtilia Bi Klachi mkononi, akamkunjia na vidole.

"Nani kakwambia amefukuzwa? Huyu ni dereva wangu."

"Dereva wa gari gani? Hilo lenye karatasi nyekundu?"

"Litatengenezwa!"

"Lini, bosi?" Bi Klachi akauliza kwa upole wa malaika.

Mzee Kola akamtazama shemeji. Shemeji akamtazama yeye, amekunja mikono, anangoja.

"Leo," Mzee Kola akasema.

"Na sakafu, bosi? Ina tundu."

"Na sakafu!"

Mashuka yalikuwa bado uani na gari halitembei, na pale mlimani gari la kubeba mabunda lilikuwa moja tu, la shemeji. Mzee Kola alimeza kitu kikubwa kuliko tonge, akaomba lifti. Shemeji akakubali upesi mno. Kiti cha mbele akampa Bi Klachi, kwa heshima ya fundi kwa fundi. Mpimaji alikataa kupanda. Alisema sanduku lake litafuatwa, yeye leo atatembea.

Mzee Kola akapanda nyuma, juu ya mashuka ya watu, magoti kwenye kidevu, kola imelala upande mmoja. Wakaanza kuteremka. Kisha ikasikika sauti kutoka kwenye mabunda.

"Mama, wewe unamjua fundi mzuri wa dizeli?"

"Namjua, bosi."

"Mzuri kweli?"

"Mzuri sana. Ila ni ghali."

Shemeji akainua macho kwenye kioo kumtazama aliye nyuma.

"Mwite," akasema Mzee Kola.